Mume wa Mukami alikuwa mwalimu

Mji wetu wa Nyeri una barua mbili za buriani, na kati ya hizo mbili ni moja tu inayosomwa.

Ya kwanza iliandikwa na Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti duniani, ambaye alikuja kumalizia uzee wake katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, na akafariki humo tarehe 8 Januari 1941. Barua yake kwa maskauti ilikutwa miongoni mwa karatasi zake baada ya kufa kwake, na tangu hapo imesomwa na vijana wa mataifa mengi kiasi kwamba wapo wanaoijua kwa moyo. Kaburi lake liko katika makaburi ya Mtakatifu Petro, limetunzwa vizuri, na juu ya jiwe lake pamechorwa ile alama ya maskauti, duara lenye nukta katikati, ambayo maana yake ni kwamba mwenye safari amekwenda nyumbani. Mkewe Olave alipofariki Uingereza mwaka 1977, majivu yake yaliletwa hapa Nyeri yakalazwa pamoja na mumewe. Wageni hufika, husimama, hupiga picha, huondoka.

Ya pili iliandikwa na mwana wa Tetu, Dedan Kimathi wa Waciuri. Tarehe yake ni 17 Februari 1957 na mahali ilipoandikwa ni gereza la Kamiti. Mwandishi wake alikuwa amebakiwa na siku moja tu hapa duniani, naye alilijua hilo, kwani kesho yake, tarehe 18, alinyongwa. Barua hiyo nayo ilikuwa na safari ya kuja Nyeri. Ilipelekwa kwa Padri Marino wa misheni ya Kikatoliki, na ndani yake imetajwa Mathari, misheni ambayo sisi wakazi wa Skuta tunaiona kama jirani wa mlango wa pili.

Mimi ni mwalimu, na makazi yangu ni Skuta. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa madarasa mengi, na walimu wenzangu katika vyumba vya walimu, kama wanaifahamu barua hiyo ya pili. Aghalabu jibu huwa ni kimya, kisha mmoja huuliza: Kwani Kimathi aliandika barua? Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Mtu anayeuliza kama Kimathi aliandika barua amekwisha fundishwa Kimathi, lakini amefundishwa nusu yake.

Hebu tuitazame nusu tunayoifundisha. Tunawaeleza watoto kwamba Kimathi alizaliwa mwaka 1920 kijijini Thege katika Tetu, kwamba aliongoza wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua, kwamba alikamatwa asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa amejeruhiwa kwa risasi na kuvaa koti la ngozi ya chui, na kwamba mahakama iliyokaa hapa hapa Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, ilimhukumu kifo tarehe 27 Novemba mwaka huo huo kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi zake. Hayo yote ni kweli na yanastahili kufundishwa. Hata ile sanamu iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki jijini Nairobi mwaka 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa kwake, inatuonyesha nusu hiyo hiyo: nywele zilizosokotana, sare ya kivita, bunduki mkono mmoja na jambia mkono wa pili. Sanamu hiyo ninaipenda. Hata hivyo, kila ninapopita pale barabarani najikuta nikitafuta mahali ambapo mchongaji angeweza kuweka penseli.

Kwa maana Kimathi alikuwa mtu wa penseli kabla ya kuwa mtu wa bunduki, na hata aliposhika bunduki penseli hakuiweka chini. Alianza masomo katika shule ya Karuna-ini akiwa amekwisha kuwa kijana mkubwa, kama ilivyokuwa kawaida ya siku zile. Alikuwa hodari wa midahalo, alipenda mashairi, na Kiingereza alikikamata vizuri. Karo aliitafuta mwenyewe kwa kukusanya mbegu za miti msituni na kuiuzia idara ya misitu, na msitu huo ndio uliokuja kumhifadhi baadaye. Alifika Tumutumu kwa masomo ya juu zaidi, lakini fedha zikamshinda. Baada ya kuhangaika huku na huko, jeshini na katika ajira ndogo ndogo za mashambani kwa wazungu, alirudi darasani, safari hii akiwa ndiye mwenye chaki. Hakudumu sana katika kazi hiyo. Lakini Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo walipozuru Karuna-ini katika miaka ya sabini, wakiandaa tamthilia yao, walikuta watu waliomkumbuka Kimathi kwa ualimu wake na mapenzi yake kwa watoto. Ngugi ameandika pia kuhusu kikundi cha maigizo kilichoitwa Gicamu ambacho Kimathi alikianzisha huko kwao.

Mwalimu, basi, na msanii wa jukwaani. Huyo ndiye aliyeingia msituni. Na ukitaka kujua kama ualimu ulimtoka alipofika huko, msome Karari Njama, mwalimu mwingine wa Nyeri aliyekuwa katibu wake, katika kitabu alichokiandika pamoja na Donald Barnett kikachapishwa mwaka 1966. Utaona viongozi wa vita wakihimizana kuweka kumbukumbu: nani kaingia, nani kafa, nani kapandishwa cheo, mkutano gani umeamua nini. Kimathi aliandika barua kwa watu wengi, wakiwamo watawala waliokuwa wakimwinda. Maina wa Kinyatti alikusanya sehemu ya maandishi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1986. Ni nani anayebeba madaftari msituni huku ndege za kivita zikimpitia juu ya kichwa, kama si mwalimu?

Sasa tuirudie ile barua ya Kamiti, maana ndiyo hasa shabaha yangu.

Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa penseli, katika saa za usiku wa manane. Ni fupi, ukurasa mmoja wa kawaida unaitosha. Anaanza kwa kumweleza padri kwamba ameshika karatasi ili awakumbuke yeye na marafiki kabla ya wakati kwisha. Anasema anashughulika kujiandaa kwa safari yake, na kwamba ana furaha. Anamsifu Padri Whellam, ambaye amekuwa akimtembelea gerezani na kumletea vitabu, kisha anavitaja vitabu hivyo kimoja kimoja kwa nambari, kama mwalimu anayeandika orodha ya vitabu vya muhula. Hapo mimi hutabasamu kila mara. Mtu atanyongwa kesho, na bado anaweka nambari moja, nambari mbili, nambari tatu.

Kisha yanakuja malalamiko madogo ya kibinadamu: siku ya Krismasi, wote waliokuwa wakimzuru siku nyingine walimsahau, ila Padri Whellam peke yake. Hakuna mahali katika maandishi yake yote niliyoyasoma ambapo upweke wake uko wazi namna hiyo. Jemadari aliyewatia hofu watawala kwa miaka minne anasikitika kwamba hakupata mgeni siku ya sikukuu.

Baada ya hapo anaomba mambo matatu. Ombi la kwanza ni mwanawe apelekwe shule. Anaeleza kwamba mtoto yuko mbali na shule za misheni, lakini anatumaini njia itapatikana ili aanze mapema. Ombi la pili ni mama yake, aliyekuwa mkongwe na mwenye huzuni, atembelewe na kufarijiwa. Ombi la tatu ni mkewe. Anasema mke wake yuko papo hapo Kamiti, naye ni mfungwa. Anadhani siku moja ataachiliwa. Anaomba masista wamfariji kwa sababu naye ana upweke. Na ikiwezekana, akae karibu na misheni, kwa mfano karibu na Mathari, ili awe jirani wa masista na wa kanisa. Halafu, kana kwamba anaogopa padri atakuwa amesahau alipofika chini ya ukurasa, anarudia lile la kwanza: mtoto asome.

Mwishoni anaiaga dunia na vyote vilivyomo, na kuwatumia salamu wasomaji wote wa Wathiomo Mukinyu. Kwa wasioijua lugha yetu, jina hilo maana yake ni rafiki wa kweli, nalo lilikuwa gazeti la Kigikuyu la wamisionari wa Mathari. Kati ya watu wa mwisho kabisa aliowakumbuka, Kimathi aliwakumbuka wasomaji wa gazeti. Sisi tunaoandika na kusoma magazeti tuna sababu yetu ya pekee ya kuithamini salamu hiyo.

Wako wenzangu wanaoionea haya barua hii. Mmoja, mwalimu wa historia ninayemheshimu sana, aliniambia kwamba si busara kuwasomesha vijana barua ambamo shujaa anaonekana mnyenyekevu mbele ya wamisionari, na kwamba yumkini wakoloni waliifurahia. Mwingine, wa upande wa pili, huipenda kwa sababu hiyo hiyo, akiona ndani yake mtu aliyetubu na kuachana na vita. Naona wote wawili wanatafuta jemadari, mmoja amtetee na mwingine amshinde, na hakuna hata mmoja anayemtafuta mume. Barua haina neno la kuikana ardhi wala uhuru. Haina pia neno la kujigamba. Mwandishi wake alikuwa na usiku mmoja na ukurasa mmoja, akautumia kuwapangia maisha mtoto, mama na mke.

Mke huyo ni Mukami. Alikuwa naye katika harakati, akakamatwa, akafungwa Kamiti, na kwa maelezo yake mwenyewe aliruhusiwa kumwona mumewe kabla ya kunyongwa. Baadaye akawa mjane kwa miaka sitini na sita. Naomba msomaji asiipite haraka idadi hiyo. Aliishi na Kimathi miaka michache tu, tena mingi ya hiyo ikiwa ya kujificha na kutengana, kisha akaishi bila yeye miaka sitini na sita, hadi alipofariki tarehe 4 Mei 2023.

Na ujane wake haukuwa wa kawaida, kwa sababu hakupewa maiti. Wafungwa walionyongwa walizikwa na serikali katika uwanja wa gereza bila alama. Mwanahistoria David Anderson amehesabu Waafrika 1,090 walionyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, na Kimathi ni mmoja kati yao. Kwa hiyo wajane kama Mukami walikuwa wengi, ila yeye ndiye aliyesikika, maana jina la mumewe lilikuwa kubwa. Alidai mifupa. Alidai chini ya serikali moja baada ya nyingine. Alidai wakati ambapo hata kudai kwenyewe kulikuwa na utata, kwani Mau Mau ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 2003. Yaani kwa miaka arobaini ya uhuru, mjane wa Kimathi alikuwa mjane wa mwanachama wa chama haramu, katika nchi iliyokuwa na barabara yenye jina la Kimathi katikati ya mji wake mkuu! Nelson Mandela alipokuja Nairobi mwaka 1990 na kumtaja Kimathi hadharani miongoni mwa waliowatia moyo, wapo viongozi wetu ambao nadhani viti viliwachoma.

Mwezi Oktoba mwaka 2019 wakfu wenye jina la Kimathi ulitangaza kwamba kaburi limepatikana Kamiti. Watu wa Nyeri tulipigiana simu, na sisi wazee tulianza kuulizana mazishi yatafanyika wapi. Muda si muda serikali ikakanusha. Sitaki kuingia katika mzozo wa nani alisema nini. Ninachokifikiria ni bibi kizee aliyeambiwa kwamba mumewe ameonekana, kisha akaambiwa kwamba hakuonekana.

Hapa ndipo ninapolikumbuka lile kaburi la mjini kwetu. Sina ugomvi wowote na marehemu Baden-Powell. Alikuwa naye mwalimu wa vijana kwa namna yake, na msanii pia, kwa kuwa alichora vizuri sana. Wala simlaumu mkewe kwa kutaka kulala ubavuni mwa mtu aliyempenda. Ni haki ya kila mjane. Ninalosema ni kwamba haki hiyo Mukami aliiomba akainyimwa, na kwamba wanafunzi wangu wanaifahamu alama ya duara na nukta lakini hawafahamu kwamba mzaliwa wa Tetu aliomba mkewe aletwe Mathari.

Hakuja Mathari. Maisha yalimpeleka Njabini, upande wa pili wa milima ya Nyandarua, katika nyanda za baridi za Kinangop, na huko ndiko alikozikwa tarehe 13 Mei 2023 mbele ya Rais na viongozi wengi. Mwandishi Wairimu Nderitu alikuwa amekwisha kuandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2017, Mukami akiwa angali hai. Mwaka huo huo Julie MacArthur alitoa kitabu chenye kumbukumbu za kesi ya Kimathi, ambazo kwa miaka mingi zilidhaniwa zimepotea. Kwa hiyo mwalimu wa leo hana kisingizio alichokuwa nacho mwalimu wa zamani. Vitabu vipo. Ghali, nakiri, mshahara wa mwalimu na bei ya vitabu vya vyuo vikuu vya ng'ambo havikai chungu kimoja. Lakini barua yenyewe ni ukurasa mmoja, na kila mwalimu anaweza kuinakili.

Katika fasihi pia tumemtendea Mukami kwa namna ya ajabu kidogo. Kenneth Watene aliandika tamthilia kuhusu Kimathi iliyotoka mwaka 1974, ikionyesha kiongozi mwenye mashaka na msukosuko wa nafsi. Miaka miwili baadaye Ngugi na Micere wakatoa yao, ambayo Raphael Kahaso aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi. Hii ya pili ndiyo niliyoipenda na kuifundisha, na bado naiona kuwa kazi kubwa. Lakini mhusika wake mkuu wa kike anaitwa Mwanamke basi, bila jina. Naelewa sababu ya waandishi: walitaka asimame badala ya wanawake wote wa mapambano. Hata hivyo, mwanamke mwenye jina alikuwapo, alikuwa hai, na alikuwa akisubiri mifupa. Micere naye alituacha mwaka huo huo wa 2023, mwishoni mwa Juni, majuma machache tu baada ya Mukami, na Ngugi akafuata Mei 2025. Laiti kungekuwa na mtu wa kuwaketisha wote watatu meza moja, Mukami awasimulie Kimathi wa nyumbani! Tamthilia ya namna hiyo haijaandikwa. Wanafunzi mnaoshiriki tamasha za drama, ambao kila mwaka mnalalamika kwamba maudhui yamekwisha, hiyo hapo.

Nilipoipeleka barua hiyo darasani mara ya kwanza, kidato cha pili, jambo la kwanza walilolifanya vijana ni kutafuta makosa ya sarufi. Sikuwazuia, ni sisi tuliowafundisha kusoma kwa kalamu nyekundu. Walipata makosa kadhaa, maana Kiingereza cha Kimathi, pamoja na ufasaha wake, kilikuwa na miiba yake. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akauliza kama mtu angeweza kupata alama nzuri kwa barua hiyo katika mtihani. Mwenzake akajibu kwamba angepoteza alama kwa kurudia hoja, kwa kuwa suala la mtoto kusoma limetajwa mara mbili. Darasa likacheka, kisha likanyamaza, na sikulazimika kueleza kwa nini limetajwa mara mbili.

Jambo jingine lililonishangaza ni nani waliozungumza baadaye. Nyeri si mahali pepesi pa kumfundisha Kimathi. Katika darasa moja huketi wajukuu wa waliokuwa msituni na wajukuu wa waliokuwa homugadi; aliyempiga risasi Kimathi alikuwa mwenzetu wa hapa hapa, na Mau Mau nayo iliua watu wa vijiji vyetu. Somo la vita hufanya upande mmoja wa darasa utazame chini. Somo la barua halikufanya hivyo. Kila mtoto alikuwa na bibi aliyebaki peke yake, ama kwa sababu mumewe alikuwa kizuizini, ama kwa sababu aliuawa, ama kwa sababu alikuwa kazini mwa serikali na kijiji kikamtenga. Mwaka 1954 na 1955 watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na mahandaki, na waliochimba mahandaki hayo wengi wao walikuwa wanawake. Nyanya zao walikuwa miongoni mwao. Waliporudi nyumbani jioni wakawauliza, na baadhi waliambiwa mambo ambayo hayakuwa yamewahi kusemwa katika nyumba hizo.

Chuo kikuu chenye jina la Kimathi kiko karibu nasi, na kila mwaka mamia ya vijana huvaa majoho hapo na kurushiana kofia. Wazazi hufurahi, na ni sawa wafurahi. Sijui ni wangapi kati yao wanaojua kwamba mwenye jina hilo aliacha shule kwa kukosa karo, na kwamba kitu alichokirudia mara mbili usiku wa mwisho wa maisha yake kilikuwa elimu ya mtoto mmoja. Ingefaa barua ile ibandikwe pale langoni, kwa mwandiko wake mwenyewe, makosa na yote.

Kuhusu Kamiti, sioni kwamba kifo cha Mukami kimefunga jalada. Serikali ya Kenya inaweza kuchimba, kupima na kutangaza, na serikali ya Uingereza inaweza kufungua karatasi zozote ilizo nazo kuhusu mahali wafungwa walikozikwa. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza majuto yake na kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Kuonyesha mahali palipochimbwa makaburi ni jambo rahisi zaidi ya hilo. Mifupa ikipatikana, familia ndiyo itakayoamua ipumzike wapi, kama ni Tetu alikozaliwa au Njabini aliko mkewe. Sisi majirani wa Mathari hatuna sauti katika uamuzi huo, ingawa mwenyewe alipataja.

Wiki ijayo nitakuwa na kidato cha pili tena, kipindi cha tatu baada ya mapumziko. Nakala arubaini zimekwisha kuchapwa.